Kurudi Wapi

Wiki iliyopita nilikosa alama moja kwa zoezi la Kijapani na bado inaniuma. Nilitakiwa kuandika, "Mwaka ujao nitarudi chuoni." Nikaandika *daigaku ni kaerimasu*. Mwalimu, anayetufunza kwa Zoom, akapiga *kaerimasu* mstari mwekundu na kuuliza: kwani unaishi huko?

Wajapani wana vitenzi viwili mahali sisi tunatumia kimoja. *Kaeru* ni kurudi kwenu: nyumbani, kijijini, nchini mwenu, pale ambapo ukiingia hakuna anayekuuliza umefuata nini. *Modoru* ni kurudi tu ulipokuwa: kwenye kiti, dukani ulikosahau chenji, ofisini baada ya lunchi. Ukimwambia bosi *kaerimasu* saa saba mchana, atajua hamwonani tena hadi kesho. Hata *okaeri*, salamu ya kumpokea mtu anapoingia nyumbani, imetoka kwa *kaeru*.

Kurudi kwetu kunabeba yote hayo na zaidi. Nguo ikifuliwa vibaya hurudi. Mzazi humrudi mtoto. (Hiyo ya pili nilifunzwa darasani, nyumbani haikuhitaji kitenzi.)

Nasomea N4, ngazi ya pili kutoka chini kati ya 5 za mtihani wa JLPT. Tangu 2019 Japani ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalum, na kazi nyingi za viza hiyo zinataka Kijapani cha kiwango hicho. Sai naandika vitu vya watu mtandaoni, nalipwa kwa kila neno, kwa hivyo kukosea neno kunaniuma mara mbili.

Naishi Loresho, kwa SQ nyuma ya nyumba ya wenyewe. Jioni nashuka stage ya Kangemi na kutembea hadi mabati yaishe na nyua za kayaba zianze. Askari wa geti huniuliza, "Umerudi?" Nami, "Nimerudi." Mjapani angesema hiyo ni *kaeru*, maana hata chumba cha kukodi ni kwako. Lakini ni nani Nairobi huita keja nyumbani? Nyumbani ni ushago. Kwangu ni Kakamega, ambako sijafika tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu. Niliwaambia watu ni karo. Karo ilikuwepo, mama aliuza ng'ombe. Mimi ndiye niliacha kuingia darasani.

Mama hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. "Utarudi lini?" Miaka miwili nimemjibu, "Karibuni, mama," nikisikia *modoru*: chuo, madaftari, gauni la mahafali. Nikikata simu najiona mwongo.

Zoezi nilirekebisha, nikaweka *modorimasu*. Sarufi ikawa sawa, uongo ukabaki pale pale. Usiku huo nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mama alitaja chuo. Sikukumbuka hata mara moja mwaka huu.

Jumapili akapiga. Utarudi lini?

"Kurudi wapi, mama?"

Akanyamaza. Nyuma yake kuku walikuwa wakipiga kelele.

"Kwani kuna mahali pengine?" Kisha akaniuliza kama nimekula.