Taya Lililovimba

Zamani hapa Otonglo mtoto akivimba taya, aliambiwa ana jino. Ndivyo alivyoambiwa jirani yetu mmoja, tuliyesoma naye. Dani, yaani bibi yake, akamsukutulisha maji ya chumvi, jino likang'olewa, kisha la pembeni yake likaanza kucheza lenyewe, na jingine tena. Kabla mwezi haujaisha uvimbe ulikuwa umelisukuma jicho juu. Wazee wakasema ni chira, wakaanza kuulizana nani kavunja mwiko. Alipofikishwa Russia, jina tunaloiitia hospitali kuu ya Kisumu hadi leo, hakukaa sana. Tukamzika.

Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa ule, aina ya saratani, ulikwishajulikana. Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, ng'ambo tu ya ziwa, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya seli zake.

Siku hizi, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ikiwa pale Kisian, mwendo mfupi kwa matatu, tunasikia mengi zaidi. Malaria ya kila mara huzichokoza seli B, seli za kinga zinazobeba virusi hivyo, huku ikizidhoofisha seli T zinazovizuia visitapakae. Ann Moormann na wenzake waliwapima watoto wa magharibi mwa Kenya wenye saratani hii, wakakuta seli T zao haziitikii ipasavyo EBNA1, protini ya virusi ambayo seli za uvimbe huendelea kuitengeneza. Ajabu zaidi ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza seli zilizokufa. Chini ya darubini huonekana kama madoa meupe katikati ya seli nyeusi zilizobanana, yamejaa mabaki ya seli za saratani zilizokufa. Ungedhani yanapigana. Kumbe utafiti unaonyesha kwamba yakishashiba mabaki hayo huweza kutoa kemikali zinazoulisha uvimbe. Askari wa mwili wenyewe! Chira gani tena hapo?

Leo mama wa sokoni akiona taya la mtoto limevimba, humhimiza mzazi apande gari mara moja hadi hospitalini. Dawa ipo, saiklofosfamidi imetumika kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Ulaya na Marekani watoto wengi sana hupona. Kwetu wapo wanaoanza matibabu wakayakatiza, kwa kuwa mama hawezi kulala wodini miezi kadhaa huku wadogo wamebaki nyumbani na mtaji wa omena umeishia kwenye vipimo.