Ndizi za Karamja

Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki, nasi watu wa mwambao tumeirithi kauli hiyo bila ya kuihoji. Mimi mwenyewe nimeifundisha darasani hapa Unguja kwa miaka mingi, na kila mara wanafunzi wameandika maana yake kwa sentensi moja na kupata maksi zao. Shaka iliniingia likizo iliyopita, tena mbali na bahari: huko Maruku, Bukoba, nikiwa nimeketi barazani na simu ya mpwa wangu mkononi, mvua ikinyesha juu ya migomba.

Maruku ni kwetu. Ndiko nilikolelewa na babu yangu kabla ya masomo na ndoa kunileta kisiwani. Msomaji asiyepajua azingatie kwamba kwa Mhaya nyumba haikai shambani, bali nyumba na shamba ni kitu kimoja, nacho huitwa kibanja. Migomba imeuzunguka mlango, mibuni imejificha chini ya migomba, makaburi ya wazee yamo humo humo, na ng'ambo ya vibanja vyote ndiko kuliko rweya, uwanda wa nyasi usio na mwenyewe. Babu amekwisha kufariki. Kibanja sasa kinatunzwa na dada yangu pamoja na mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, mpole wa maneno na mkali wa jembe. Nilikwenda kuwatazama.

Mvua ilipotufungia barazani, kijana alitoa simu akaanza kucheza. Niliona kijitu kidogo kikikata mti kwa shoka.

"Unacheza nini?"

"Mjomba, huu ni mchezo uliokufa ukafufuliwa," alinijibu. "Jaribu."

Alinieleza habari zake, nami baadaye nikazihakikisha. Mchezo huo ni RuneScape, ulioanzishwa tarehe 4 Januari 2001 na ndugu wawili wa Kiingereza, Andrew na Paul Gower. Ni mchezo wa njozi unaochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kupitia intaneti: kila mmoja ana mtu wake, huvua, huchimba madini, hupika, hupigana na majitu na mazimwi, na huzidi kuwa hodari kadiri anavyozidi kufanya kazi. Mwaka baada ya mwaka wenye mchezo waliubadilisha, na mwezi wa Novemba 2012 wakabadilisha hata namna ya kupigana. Wachezaji wengi walinung'unika, wakisema ule ulimwengu wao umetoweka. Ndipo ikajulikana kwamba kampuni ilikuwa na nakala ya akiba ya mchezo mzima, iliyohifadhiwa Agosti 2007. Wachezaji wakaitwa kupiga kura, na zaidi ya kura 400,000 zikapigwa. Tarehe 22 Februari 2013 ulimwengu ule wa 2007 ukafunguliwa upya kwa jina la Old School RuneScape, na tangu tarehe 30 Oktoba 2018 unachezeka katika simu ya mkononi, hata ya kijana wa Maruku mwenye bando la kubahatisha.

Nakiri kwamba nilianza kwa dharau. Picha zenyewe ni za kizamani: watu wana nyuso kama vinyago vilivyochongwa na fundi mwenye haraka, na maji ya mto yamelala kama turubali la buluu. Mgeni hutiwa kwanza katika kisiwa cha mafunzo, akafundishwa kuwasha moto, kuvua kamba kwa wavu mdogo, kuoka mkate na kufua kisu cha shaba nyeusi. Halafu hutupwa katika mji wa Lumbridge, penye ngome, mto, banda la kuku na malisho ya ng'ombe, akaachwa ajitafutie riziki.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kuua zimwi. Mpishi wa ngome alikuwa amehaha: bwana wake ana sherehe ya kuzaliwa na keki haijaokwa. Akanituma yai, maziwa na unga. Basi nikaenda bandani kuokota yai, nikamkama ng'ombe, nikavuna ngano na kuipandisha juu ya kinu, nikashuka chini kuzoa unga. Nilipomaliza nilitazama saa nikaona dakika arobaini zimepita, nami nimefurahi kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji kamili. Kijana alicheka. "Mjomba, hapa shambani ukitumwa maziwa unalalamika!"

Hapo nikaanza kufahamu siri ya mchezo ule. Ndani yake hakuna jasho linalopotea. Ukikata mti, uhodari wako wa kukata miti huongezeka, na nyongeza hiyo huandikwa. Kamba wangu wa mwanzo waliungua, lakini wengine wakaiva, na kila aliyeiva alihesabiwa. Ukifa, huamki kuzimu. Huamka palepale Lumbridge, na baadhi ya mali zako huenda zimepotea, lakini ulichojifunza hakikupotei. Mkulima gani hangetamani dunia ya namna hiyo?

Siku ya tatu kijana aliniambia, "Nataka nikupeleke mahali utakapopapenda." Tulitembea hadi bandari iitwayo Port Sarim, nikalipa nauli ya sarafu 30, na jahazi likatupeleka katika kisiwa cha Karamja. Tuliteremka mahali paitwapo Musa Point. Nilitabasamu, maana Musa ndilo jina la ndizi katika vitabu vya elimu ya mimea, nasi wenye kusikia Kiarabu kila siku twaisikia ndani yake ile mauz. Na kweli, mbele yetu palikuwa na shamba la migomba.

Mwenye shamba aitwaye Luthas akaniajiri papo hapo. Nijaze sanduku kwa ndizi kumi, atanilipa sarafu 30. Nauli 30, ujira 30. Nilihesabu nikaona kwamba nimekuja kufanya kazi ili nilipie kuja kufanya kazi, jambo ambalo vibarua wa dunia hii wanalijua vizuri bila ya kucheza mchezo wowote. Nikaanza kuchuma. Na hapo ndipo mkono wangu, mkono wa mtoto wa Maruku, uliposita.

Mgomba wa Karamja haukatwi. Umesimama kama mti, nawe huchuma ndizi moja, ya pili, ya tatu, hadi ziishe. Unauacha, na baada ya muda mfupi ndizi zimerudi. Mgomba wa kwetu sivyo ulivyo. Huzaa mkungu mmoja tu katika maisha yake, na siku ya kuvuna ndiyo siku yake ya kufa, kwa panga. Babu alikuwa akiuinamisha kwa taratibu, mkungu usiguse chini, kisha akaukata shina na kulipasua vipande akavitandaza juu ya udongo, chakula cha watoto wake waliochipua pembeni. Tangu nilipopata akili niliwahi kumwuliza mara moja tu kwa nini tunaukata. Alisema, "Mama akishaolesha, humpisha mkwe." Nilicheka bila ya kuelewa.

"Unaona, mjomba?" alisema kijana. "Kila kitu kimebaki vile vile kama mwezi wa nane 2007."

Hakujua alichokisema. Alikuwa mtoto mchanga wakati huo.

Agosti 2007 nilikuwa Maruku. Nilikuwa nimeitwa kutoka Unguja kwa sababu kibanja kilikuwa kinakufa. Ule mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao Uganda waliugundua kwao mwaka 2001, ulitangazwa mkoani Kagera mwaka 2006, kuanzia upande wa Muleba, na mwaka uliofuata ukabisha hodi mlangoni kwetu. Majani yalikuwa yakigeuka manjano na kulegea kama yaliyopitiwa na moto. Mikungu iliiva kabla ya wakati, na ukiikata ndizi unakuta ndani kahawia, haifai kwa mtu wala mnyama. Ukikata shina, linatoka tongo la rangi ya manjano.

Maruku kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na migomba, na maelekezo ya wataalamu yalikuwa wazi: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua, choma panga kwa moto au ulioshe kwa dawa kila unapotoka shina moja kwenda jingine, ng'oa shina zima lililougua pamoja na watoto wake. Babu alisikiliza yote akiwa amekaa kimya. Lililomvunja si kung'oa. Ni kule kuambiwa habari ya panga. Kwa miezi kadhaa, kila asubuhi, alikuwa amepita kutoka mgomba hadi mgomba akipogoa majani makavu kwa panga lile lile, kama alivyofanya maisha yake yote, kama alivyofundishwa na baba yake. Utunzaji wake ndio uliousambaza ugonjwa. Alilitazama lile panga kwa muda mrefu, kisha akanipa mimi, akaingia ndani.

Tuling'oa kwa wiki mbili. Miongoni mwa tuliyoing'oa ilikuwamo Nshakara, Nyoya na Ntobe, na pembezoni Kisubi ya kukamulia pombe. Hiyo yote ipo vibanjani kwa watu mpaka leo. Lakini palikuwa na mgomba mmoja nyuma ya jiko, wa ndizi fupi nene, laini zikipikwa, ambao babu alikuwa na jina lake. Alilitaja mara nyingi mbele yangu. Sikulishika. Nilikuwa kijana wa masomo, nikidhani mambo ya namna hiyo yatakuwapo siku zote. Babu alifariki miaka mitatu baadaye, na dada yangu naye halikumbuki.

Basi msomaji atanielewa niliposimama pale Karamja na ndizi kumi mkobani, nikashikwa na kitu kama wivu. Watu fulani huko Uingereza walikuwa na Agosti 2007 yao ndani ya sanduku. Ulimwengu wao ulipomwagika, walifungua wakauzoa. Yangu ilikuwa wapi?

Nimelifikiri sana swali hilo tangu nirudi kisiwani. Nakala zina heshima yake, nisije nikazibeza. Huko Leuven, nchini Ubelgiji, kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1985 inayotunza aina zaidi ya 1,500 za migomba katika vichupa vya kioo, ili dunia ikipoteza aina fulani pawe na pa kuitafuta. Wahaya nao wana enanga, zeze la kwao, na tenzi zinazoimbwa kwa enanga hiyo zingepungua zaidi kama wataalamu wasingezirekodi na kuzichunguza, kama alivyofanya Profesa M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini niliyemsikia utotoni akiimba hakuimba kutoka katika nakala. Kila usiku shujaa alikufa kwa maneno mengine kidogo, na wazee waliitikia pale pale walipoitikia siku zote. Wimbo ulirudi kwa njia ya mgomba: wa jana umekatwa, wa leo umesimama pale ulipokatwa.

Hata mchezo ule haukubaki vile vile. Tangu ulipofunguliwa 2013 wameuongezea mengi, na nyongeza kubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Nakala iliwapa mahali pa kuanzia tu; waliobaki humo waliuendeleza.

Siku moja kabla sijaondoka nilimsimulia kijana habari za ule mgomba wa nyuma ya jiko. Aliweka simu chini, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, Babu hakuwahi kumpa mtu mche wake?"

Nilishindwa kujibu. Kwetu mtu akianzisha kibanja kipya huomba machipukizi kwa jirani, na babu alikuwa mtoaji. Tulikwenda kwa bibi mmoja ng'ambo ya rweya, mjane, ambaye mumewe alikuwa rafiki yake. Alitupokea kwa adabu za kikwao, akatupa kahawa ya kutafuna, akasikiliza maelezo yangu: ndizi fupi, nene, laini. Akasema, "Mwanangu, babu yako alitupa michipukizi miwili tulipooana. Mmoja ulikufa. Wa pili watoto wake wako pale kwenye mteremko. Kama ndio unaousema, mimi sijui. Sisi twauita wa kwa babu yako tu."

Kijana aliukagua kila mgomba wa mteremko ule, majani, ua na shina, kwa makini ambayo sikuwahi kuyaona kwake hata alipokuwa akipambana na mazimwi. Alipojiridhisha kwamba ni mzima, alilishika panga akalipitisha motoni, mara moja, mara mbili, ndipo akatenga chipukizi. Tuliupanda nyuma ya jiko kabla ya magharibi.

Utachukua mwaka au zaidi kabla ya kuzaa. Siku hiyo nitapanda meli na mabasi mpaka Maruku, nionje, na huenda nikaitambua ladha au nisiitambue. Jina lake halitarudi. Kijana ameniandikia juzi kwamba umetoa jani la tano, na kwamba mtu wangu bado amesimama Karamja, sanduku la Luthas halijajaa, ananisubiri.