Mbele na Nyuma ya Kamera

Sisi wenyeji wa Busia na Malaba tumezoea habari za kuvuka. Hata nchi yetu yenyewe ilipata kuvuka: hadi mwaka 1902 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kisha ikahamishiwa upande ambao leo ni Kenya, pasipo kilima wala mto kuondoka mahali pake. Yamkini ndiyo sababu napendezwa na maisha ya Paul Henreid. Alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Trieste, uliokuwa chini ya Austria na Hungaria, na ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa wa Italia.

Mwaka 1942 Henreid alikuwa nyota wa sinema. Katika filamu ya Casablanca aliigiza mtu aliyetoroka kambi ya Wanazi, akawa anangoja hati za kusafiria. Shida ambayo dereva wa lori wa Malaba hahitaji kuelezwa mara mbili. Lakini mwaka 1947 alifuatana na wenzake hadi Washington kuwatetea watu wa sinema waliohojiwa na kamati ya Bunge juu ya siasa zao. Baada ya hapo makampuni makubwa yalimfungia milango.

Ndipo alipovuka mpaka wa namna nyingine. Katika miaka ya 1950 Alfred Hitchcock alimpa kazi ya kuongoza michezo ya televisheni, naye akaongoza zaidi ya 20. Mwaka 1964 aliongoza filamu ya Dead Ringer, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Bette Davis, aliyeigiza pamoja naye mwaka 1942.

Wako watakaosema kwamba alishuka, kwa kuwa uso wake haukuonekana tena kama zamani. Mimi sikubali. Marehemu baba yangu alipakia abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, katika kazi ya bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa mpakani hapa. Miguu ilipomchoka, aliketi chini ya mwembe akiziba pancha na kunyoosha rimu za vijana. Abiria hawakumshukuru, maana hawakumjua. Hata hivyo hakuwahi kujiita mtu aliyeacha kazi. Kengele zilipolia kuelekea ng'ambo, aliinua kichwa, akazitambua moja baada ya moja, kisha akarudi kwenye gurudumu lililokuwa mikononi mwake.