Kungojea Mchezo wa Zamani

Siku hizi katika nyumba nyingi za mjini yuko kijana asiyelala usiku fulani wa mwezi wa sita. Haumwi, wala hajifunzi kwa ajili ya mtihani. Anangoja watu wa Japani au wa Marekani, mbali kabisa na hapa kwetu, wataje jina la mchezo wa vidio. Baba yake akimwuliza, "Mchezo wenyewe u wapi?" yeye hujibu, "Bado, baba, haujatoka." Baba hutikisa kichwa na kwenda zake kulala, kwani haoni sababu ya kumkeshea mgeni ambaye hakuleta hata habari ya kuja.

Sisi twamwelewa kijana huyo. Kazi yetu ni kufundisha, na vijana hutuletea habari hizo mpaka darasani. Lakini hata kabla ya kushika chaki tulikwisha kuonja kungojea kwa namna hiyo. Hasa twataka kusema juu ya kungojea kulio kwa ajabu kuliko kote: kuungojea mchezo wa zamani, uliokwisha kuchezwa na kujulikana tangu mwanzo hata mwisho, ufanywe upya.

Yafaa kwanza tueleze jinsi uvumi unavyozaliwa. Tangu mwaka 1995 makampuni yalikuwa na desturi ya kukutana Marekani, mara nyingi katika mji wa Los Angeles, kwa maonyesho yaliyoitwa E3, na huko ndiko habari kubwa zilikotangazwa. Maonyesho hayo yalikomeshwa kabisa Desemba 2023; lakini kabla ya hapo Nintendo, tangu 2011, na Sony, tangu 2019, walikwisha kuanza kutangaza mambo yao wenyewe kwa njia ya intaneti. Majuma mengi kabla ya siku ya tangazo, wapenzi wa michezo hutafuta dalili. Hupekua majina yaliyoandikishwa katika ofisi za alama za biashara. Husoma hati za mabaraza ya Korea au Brazili yanayopanga ni wenye umri gani waruhusiwe kucheza nini. Huvizia ukurasa wa duka uliofunguliwa kabla ya saa yake.

Na mara nyingine dalili huwa za kweli, ndiyo maana ugonjwa hauponi. Septemba 2021 ilionekana orodha ndefu ya majina katika mitambo ya kampuni ya NVIDIA. Kampuni ilisema kwamba ni orodha ya kazi za ndani na majaribio, na kwamba majina mengine ni ya kukisia tu. Lakini Aprili 2022 mchezo wa Chrono Cross ukatoka ukiwa umesafishwa. Mwezi uleule ukatangazwa Kingdom Hearts IV. Na Septemba 2025 ukatoka Final Fantasy Tactics katika sura mpya. Yote matatu yalikuwa yameandikwa humo. Basi nani angethubutu kuwaambia waliokuwa wakiingojea Final Fantasy IX mpya, iliyoandikwa humo pia, kwamba wanaota? Mvuvi aliyepata samaki mara tatu mahali pamoja hahami kwa maneno ya watu.

Lakini uvumi una meno. Desemba 2012 studio isiyojulikana na mtu, iitwayo Moby Dick, ilionyesha mchezo wake mbele ya watu. Machi 2013 ikajulikana kwamba ilikuwa kinyago cha Mjapani Hideo Kojima, na mchezo wenyewe ni Metal Gear Solid V. Agosti 2014 Kojima alifanya vilevile tena, kwa jina la studio nyingine ya uongo, ili kuificha habari ya Silent Hills. Watu walifurahi sana, wakajifunza kutoliamini jina lolote. Mwaka 2021 studio ndogo ya Uholanzi ikatangaza mchezo uitwao Abandoned, na wapenzi wengi wakakata shauri kwamba hiyo nayo ni kinyago cha Kojima. Mwenye studio alikana. Wakatazama herufi za kwanza za jina lake, wakaona ni zilezile za Kojima. Akajionyesha uso wake katika vidio. Wakasema ni mwigizaji aliyelipwa. Mwezi wa nane, siku ya kuonyesha alichoahidi ilipofika, kilionekana kipande cha sekunde chache tu, na hasira yote ikamwangukia yeye. Hatumtetei kwa kila jambo, kwani yeye naye alikuwa ametupa maneno ya kuchochea moto. Walakini ni jambo zito mtu kukana kwamba yeye si mwingine, asisadikiwe.

Sasa tuje kwenye mchezo tunaoujua kuliko yote. Jina lake ni Final Fantasy VII. Kampuni ya Square iliutoa huko Japani tarehe 31 Januari 1997, kwa mashine ya PlayStation, ukiwa katika diski tatu. Sisi tuliucheza miaka kadhaa baadaye, wakati wa likizo, tukiwa wanafunzi, nyumbani kwa rafiki ambaye mjomba wake alileta mashine iliyokwisha kuzeeka kutoka Ulaya. (Ndani ya mashine za namna hiyo mna vipande vya tantali, madini yatokayo katika koltani wanayoichimba watu wetu wa Kivu, lakini habari hiyo ni ndefu, na leo si siku yake.) Katika sehemu nyingi mchezo huo hauhifadhiwi popote upendapo, ila mahali palipowekwa. Umeme ulipokatika, kazi ya saa mbili ilikwenda na maji, nasi tukakaa gizani tukilaumiana. Mdogo wake rafiki yetu wa kike, mtoto wa miaka minane hivi, alikuwa akikaa nyuma yetu juu ya mkeka akitazama. Yeye hakushika mashine kamwe. Alipenda msichana mmoja tu wa hadithi ile, auzaye maua katika mji wa Midgar. Zamani jina lake liliandikwa Aeris. Siku hizi huandikwa Aerith.

Mwishoni mwa diski ya kwanza msichana huyo amepiga magoti akisali. Adui yake ashuka kutoka juu na upanga mrefu, amchoma, basi. Kito chake chatoka katika nywele, charuka ngazi kwa ngazi, chaanguka majini. Papo hapo mchezaji alazimishwa kupigana, lakini muziki wa vita haulii. Wimbo wa msichana waendelea mpaka mwisho. Kisha kiongozi wa kundi, Cloud, ambeba mikononi na kumweka ziwani. Huwezi kufanya lolote. Silaha ulizompa zimebaki, ujuzi uliomfundisha kwa siku nyingi umepotea.

Watengenezaji, na hasa Yoshinori Kitase, wameeleza baadaye kwamba walitaka kifo cha ghafula, pasipo hotuba za kuagana, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofiwa kweli, na kinachobaki ni pengo. Naye Hironobu Sakaguchi, aliyeuanzisha mfululizo wa michezo hiyo, alifiwa na mama yake wakati wa kutengeneza mchezo wa tatu, na tangu hapo aliwaza sana juu ya uhai na mahali unakokwenda. Twaona kwamba jambo hilo limo ndani ya kazi yenyewe, hata kama mtu hakuambiwa.

Lakini wachezaji hawakukubali. Ulimwenguni pote ulienea uvumi kwamba iko njia ya siri ya kumfufua. Katika kanisa lililobomoka mle Midgar, mchezaji akirudi baadaye, kivuli cha msichana chaonekana kitambo kidogo kisha chatoweka, watu wakasema, "Hiyo ndiyo dalili!" Rafiki yetu alikuwa na daftari la shule, la mistari, ambalo ndani yake alinakili kila njia aliyoisikia: kusanya hiki, usimwambie yule neno hili, rudi kanisani mara kadha wa kadha. Alizijaribu zote. Yule mdogo wake ndiye aliyekuwa akimkumbusha ipi bado.

Kwa hiyo, Mei 2005, Sony walipoonyesha huko Los Angeles nguvu za mashine yao mpya, PlayStation 3, kwa kuuchora upya mwanzo wa mchezo huo, hebu wazieni kelele zake. Kampuni, iliyokuwa imekwisha kuungana na Enix mwaka 2003, ilisema kwamba hayo ni maonyesho ya ufundi tu, hakuna mchezo. Nani alisikia? Miaka 10 watu waliuliza swali lilelile kila mwezi wa sita. Desemba 2014, huko Las Vegas, mkuu mmoja wa kampuni alipanda jukwaani akataja jina lenyewe, watu wakapiga vigelegele. Kumbe alileta mchezo uleule wa zamani, jinsi ulivyo, upate kuchezwa katika mashine ya PlayStation 4. Vigelegele vikageuka manung'uniko. Kisha, tarehe 15 Juni 2015, ikawa kweli. Kwetu Bukavu ilikuwa imekwisha kupita saa tisa ya usiku. Simu ikalia. Rafiki yetu, aliyekuwa akikaa Lubumbashi, hakusalimu. Alisema, "Mwalimu, wameutangaza," kisha akanyamaza, kisha akasema, "Wasithubutu kumwokoa."

Wasomaji, yule aliyesema hivyo ndiye mwenye daftari. Lakini mdogo wake alikuwa amefariki mwaka 2011, kwa homa ya siku tatu. Sisi hatukumwuliza neno. Tulielewa kwamba zamani alitafuta njia ya kumfufua msichana wa mchezo kwa sababu hakuwa amefiwa bado. Na sasa mtu akimwonyesha kifo kinachorekebishwa kwa ufundi, angeona ni kama anadhihakiwa.

Hapo ndipo uvumi wa mchezo uliofanywa upya unapotengana na uvumi wa mchezo mpya. Anayeungoja mchezo mpya huuliza, "Utakuwa wa namna gani?" Anayeungoja ule wa zamani anajua ulivyo, anachouliza ni kama atarudishiwa alichokuwa nacho. Mmoja anataka usibadilishwe hata nywele moja. Mwingine anataka safari hii wamponye yule aliyekufa. Na mara nyingi, twasema kweli, ni mtu yuleyule anayetaka yote mawili.

Sehemu ya kwanza ilitoka tarehe 10 Aprili 2020, wakati watu wengi duniani walikuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mji wa Midgar, ambao hapo kwanza ulichukua saa chache tu, ulikuwa umefanywa mchezo mzima. Na ndani yake watengenezaji waliweka kitu ambacho hakuna mbashiri aliyekitaja: vivuli vyenye majoho, ambavyo kila hadithi inapotaka kuacha njia yake ya 1997 huja kuisukuma irudi. Wachezaji wa zamani walijitambua. Vivuli hivyo ndio sisi, tunaosema, "Sivyo ilivyokuwa!" Mwishoni mashujaa wavipiga na kuvishinda, na baada ya hapo hakuna ajuaye tena kitakachotokea.

Tulipofika hapo tuliweka kifaa chini tukakaa kimya. Kwa upande mmoja tuliona akili kubwa. Kifo cha Aerith kilikuwa na nguvu kwa sababu mtu hakukitazamia. Lakini siku hizi hata mwanafunzi wetu asiyewahi kushika mchezo huo anajua kwamba msichana atakufa, kama ajuavyo jina la mji mkuu wa Ufaransa. Kukirudia vilevile, hata kwa picha nzuri mara mia, kungekuwa kuonyesha maiti. Basi wakaturudishia kitu kimoja tulichokuwa nacho zamani, nacho ni kutojua. Kwa upande wa pili tuliogopa, tukimfikiri rafiki yetu.

Juni 2022 walitangaza kwamba sehemu zitakuwa tatu, na ya pili ikatoka tarehe 29 Februari 2024. Miaka minne kati ya hizo mbili watu walibashiri jambo moja tu: atakufa, hatakufa? Walipima kila picha, walilinganisha rangi ya mbingu na hata mbwa aliyechorwa. Na jibu likawa lisilo jibu. Upanga washuka, Cloud aonekana ameukinga. Papo hapo picha yatetemeka, damu yaonekana. Wenzake walia. Yeye halii, kwani yeye amwona msichana yu hai, asema naye, naye amjibu. Hata mwisho, wengine wakiwa katika huzuni, yeye bado amwona. Na lile ziwa, ambalo zamani alimwekamo kwa mikono yake, hatukuonyeshwa akimwekamo.

Wapenzi wakagawanyika mara moja. Hawa husema amekufa, na Cloud amerukwa na akili. Wale husema yu hai katika ulimwengu mwingine, na sehemu ya tatu itamrudisha. Kila upande una ushahidi wake, kurasa kwa kurasa, na kila upande humwona mwenzake kipofu. Sisi twaamini amekufa, na kwamba jambo la kweli kuliko yote katika sehemu hiyo ni wale wenzake wanaolia huku mmoja wao akicheka na mtu asiyekuwapo. Tumeona matanga ya namna hiyo.

Rafiki yetu alimaliza majuma mawili baada yetu. Tulidhani atakasirika. Alituandikia kwa simu kwamba hajui kama amependa au hakupenda, kwamba mke wake alimkuta sebuleni saa nane ya usiku taa zikiwa zimezimwa, na kwamba juu ya yule msichana hataki kubashiri tena, wabashiri wengine. Swali lake ni moja tu. "Mwalimu," aliandika, "wataturudisha ziwani, au hawataturudisha?"