Mwendo na Uwanja Wake

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo tuliisikia utotoni, tukaiandikia insha shuleni, na tulipokwisha kuwa watu wazima tukawa nasi twawaambia wadogo wetu, kama mtu alipaye deni kwa fedha asizozihesabu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyokuja kuifahamu methali hiyo tukiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Hatukuifahamu kitabuni wala barazani, bali ndani ya gari dogo, helmeti ikiwa kichwani, katika uwanja wa mbio ulioko kwenye nyanda za Athi, nje ya jiji la Nairobi.

Jambo lenyewe lilianza kwa msiba. Dada yetu ana mwana mmoja wa kiume, fundi wa magari, kijana mwenye adabu na bidii. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kukutana barabara kuu usiku wa Jumamosi, saa ambazo magari ni machache, wakashindana kwa kasi. Usiku mmoja mwenzao mmoja hakurudi nyumbani. Tulihudhuria mazishi yake. Mama yake alikuwa ameshika viatu vya mwanawe mkononi, na kila aliyemwendea kumpa pole ilimbidi aushike mkono uliovishika viatu. Baada ya matanga dada yetu alitujia akasema, "Kaka, nenda ukaseme na mpwa wako. Maneno yangu mimi amekwisha kuyazoea."

Tulikwenda. Tuliketi naye gereji, juu ya tairi kuukuu, tukamwambia yale yasemwayo na wazee: kwamba mwenda pole hajikwai, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alitusikiliza hata tukamaliza. Ndipo alipouliza, macho ameyainamisha: "Mjomba, nisamehe. Wewe umewahi kwenda mbio hata siku moja?"

Tulinyamaza. Jibu tulikuwa nalo, ila hatukuwa tumepata kumwambia mtu yeyote. Miaka mingi nyuma, tukiwa karani kijana wa masjala, tulikuwa tukirudi kwetu Voi kwa sikukuu, katika gari la kuazima. Karibu na Mtito Andei tulilipita lori mahali palipoinuka, tusipoweza kuona mbele. Basi likatokea. Dereva wa basi lile alilitoa nje ya lami, likayumba likasimama vichakani. Na kwa hekima yake tukapona sisi, na wakapona abiria wake ambao hata leo hatujui walikuwa wangapi. Sisi hatukusimama. Tulifika nyumbani mapema, tukasifiwa kwa kufika mapema.

Lakini siku ile gerejini hatukumweleza mpwa wetu habari hiyo. Tulimwambia tu, "Tuseme sijapata." Naye akajibu, "Basi njoo uwanjani, Mjomba. Huko gari hushindana na saa, wala hakuna mtu wa kugongwa njiani." Tukamwuliza, "Nikija nikashindana, utaiacha barabara?" Alifikiri kitambo. "Ukishindana wewe mwenyewe, nitaiacha." Hivyo ndivyo ahadi ilivyofungwa.

Yafaa tueleze hapa kwamba kupenda kasi hakukuanza na vijana wa leo. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Jambo lililoanza kwa sherehe ya wakoloni wananchi walilichukua wakalifanya lao. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976; Shekhar Mehta akashinda mwaka 1973, na tena miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Sisi watoto wa Voi tuliyajua majina hayo kabla ya kuyajua majina ya mawaziri. Pasaka ilipowadia tulisimama kando ya njia tangu alfajiri, tukisubiri wingu la vumbi. Gari likipita twapiga kelele, halafu twakimbilia nyumbani kutengeneza magari ya waya na kushindana nayo vichochoroni.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hatukuliona wakati ule. Barabara zile hazikufungwa. Mpaka mwaka 2002, Safari ilipotoka katika mashindano ya ubingwa wa dunia, magari ya mbio yalipita njia zile zile wapitazo mama atokaye sokoni, mchungaji na ng'ombe wake, na basi la abiria. Iliporejea katika ubingwa huo mwaka 2021, kule Naivasha, sehemu za kushindania kasi zilikuwa zimefungwa na kulindwa. Kizazi chetu basi kililelewa kikiamini kwamba barabara ya watu wote ndiyo mahali pa kumwonyesha shujaa. Tusiwashangae sana wana wetu, walirithi tulichokishangilia.

Siku ya mashindano tulifika uwanjani saa moja asubuhi. Tulidhani tutakuta fujo, tukakuta utaratibu mkali kuliko wa ofisi yetu. Kwanza magari yalikaguliwa moja moja: breki, usukani, mikanda ya usalama, kizimamoto, hata betri ilitikiswa kuona kama imefungwa imara. Kisha wakakaguliwa madereva. Sisi tulikuwa tumevaa shati la ofisini la mikono mifupi, mkaguzi, kijana wa umri wa mwanetu, alitutazama akasema, "Mzee, kwa shati hilo huingii." Tukaazima la mikono mirefu. Baada ya hapo madereva wote tuliizunguka njia kwa miguu. Ilikuwa njia ya udongo na changarawe yenye urefu wa kilomita mbili hivi, imepindapinda kama mto wakati wa kiangazi, na kila kona imewekewa matairi ya zamani kuwa alama. Mpwa wetu alikuwa akituonyesha kwa kidole: hapa patakudanganya, hapa pana mawe, hapa usifanye papara.

Magari yaliondoka moja baada ya jingine, kila moja likipewa nafasi yake, na muda wake ukapimwa kwa saa. Kila dereva alikuwa na mizunguko minne, na ule ulio bora ndio uliohesabiwa. Aliyegusa tairi la alama aliongezewa sekunde. Saa haina ndugu wala haipokei bahasha. Hata mwaka ule wa 1973 Mehta na Harry Källström wa Uswidi walipomaliza Safari wakiwa sawasawa, haikuulizwa nani mwenyeji na nani mgeni. Ilifunguliwa kanuni iliyoandikwa tangu mwanzo, ikawaamua.

Zamu yetu ilifika. Gari lilikuwa Toyota ndogo ya zamani, lililoundwa upya na mpwa wetu kwa mikono yake. Bendera ilipoinuliwa tulikanyaga mafuta kwa nguvu zetu zote. Tukiri kwamba furaha ilitujaa kifuani kama ile ya utotoni. Haikudumu. Kona ya tatu ilitujia upesi kuliko tulivyoitazamia. Tukazungusha usukani, na gari halikutii. Magurudumu yalikuwa yamegeuka, ilhali gari lenyewe liliendelea kwenda mbele moja kwa moja, kama mtu aliyeitwa asigeuke. Tukagonga matairi ya alama. Injini ikazimika, vumbi likatufunika, na katika kimya kile tulilisikia basi la Mtito Andei. Mikono ilitutetemeka. Lau yale matairi yangekuwa mtu, maneno haya tungeyaandikia gerezani, au tusingeyaandika kabisa.

Tulimaliza mzunguko ule kwa dakika mbili na sekunde thelathini na moja, na adhabu juu yake. Mpwa wetu hakucheka. Aliinama dirishani akasema, "Mjomba, tairi lina nguvu moja tu. Ukiitumia yote kwa breki, haibaki ya kukata kona. Ukiitumia yote kwa kona, haibaki ya breki. Funga breki mapema, gari likiwa limenyooka. Kisha kata kona. Kisha ndipo ukanyage mafuta, polepole." Tulimtazama kijana huyu ambaye majuma machache nyuma tulikuwa tumemhubiria juu ya tairi kuukuu, tukaona kwamba yeye aliijua methali yetu kuliko sisi, aliijua kwa mikono.

Mzunguko wa pili tulifunga breki mapema hata tukaona aibu, tukidhani watazamaji watatucheka. Saa ikasema dakika mbili na sekunde ishirini na nne. Wa tatu tulikwenda kwa utulivu zaidi: dakika mbili na sekunde kumi na tisa. Wa nne, dakika mbili na sekunde kumi na saba. Kila tulipojihisi tunakwenda taratibu, ndipo saa ilipotuona tunakwenda kasi. Jambo hili lilitushangaza, kisha tukakumbuka kwamba sisi ni watunzi wa mashairi, na kwamba tulipaswa kulijua zamani. Mtunzi mchanga huyaona mizani na vina kuwa pingu. Akayavunja, akadhani amekuwa huru, kumbe shairi limemwangukia. Mtunzi aliyekomaa huanza kuipima mizani yake kabla hajafika penye kina.

Mpwa wetu alimaliza kwa dakika mbili na sekunde mbili. Katika kundi letu sisi tulikuwa wa mwisho.

Sasa tuwaelekee walimu na wanafunzi. Kwa kila mwaka tangu 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya. Tumezoea kuwaambia vijana wapunguze mwendo, lakini ni wangapi tuliowaeleza sababu? Mwalimu wa fizikia aweza kueleza kwa chaki: gari liendalo kilomita 100 kwa saa halihitaji mara mbili ya umbali linaohitaji gari liendalo kilomita 50 ili kusimama. Tangu breki zikamatapo lahitaji mara nne, njia na tairi zikiwa ni zile zile. Methali bila hesabu hiyo ni sauti tu, na hesabu bila methali husahauliwa baada ya mtihani.

Tena tuutazame utamaduni wetu. Wazee wetu hawakuwakataza vijana hatari. Waliitengea hatari uwanja. Kakamega kuna mapigano ya mafahali, ambayo yana mahali pake na watazamaji wake, na hakuna awapiganishaye mafahali mlangoni pa jirani. Lamu, wakati wa sherehe za Maulidi, vijana hushindana kwa punda, na mji mzima hujua ni saa ya mashindano. Hata malenga wakitaka kushambuliana walikuwa na ukumbi wao na sheria zao, na ngoma ikiisha walikula sahani moja. Ngoma iliyokosa uwanja huchezwa majiani, na majiani pana watoto. Gari ni kitu kigeni kilichokuja kwetu bila jando wala unyago wake. Sisi ndio tunaopaswa kukitungia. Viwanja vya namna ile ni vichache mno, na gharama yake ni kubwa kwa kijana asiye na mjomba wala gereji. Kijana atakayefungiwa uwanja ataifungua barabara.

Jioni tuliondoka, mpwa wetu akiendesha, sisi tukiwa kando yake. Njia itokayo uwanjani hadi barabara kuu ni nyembamba, na mbele yetu palikuwa na lori la mawe likipanda mlima kwa kukokota. Vumbi lake lilituingia machoni. Mpwa wetu alilifuata nyuma, gia ya pili, mkono mmoja ukiwa umetulia pajani. Hakuchungulia ubavuni mwa lori wala hakupiga honi. Tulisubiri tuone kama atajaribu, hakujaribu.

Ndipo tulipomwambia, "Mwanangu, uliniuliza kama nimewahi kwenda mbio." Tukamsimulia habari ya lori lile, na mlima ule, na basi lililokimbilia vichakani, na jinsi ambavyo hatukusimama. Hatukumficha neno. Lori lilikuwa lingali mbele yetu tulipomaliza. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Yule dereva wa basi hukumjua jina?" Tukasema, "Sikumjua." Akasema, "Tungemwita uwanjani, Mjomba."

Ni mwaka wa pili sasa, naye angali ameishika ahadi yake. Usiku wa siku ile, kabla ya kulala, tuliandika ubeti huu, nao tunawaachia wasomaji wetu vijana:

Aliye ndani ya gari, na ajue kusimama,
Mwendo bila tahadhari, hauwi na mwisho mwema,
Uwanja uko tayari, njoni mpimwe mapema,
Barabara si ya shari, ni ya watu na uzima.