Kiambaza na Waya

Watu wengi hudhani kwamba ukumbi ukishagawanywa kwa kiambaza cha kukunja, basi vimepatikana vyumba viwili. Nami niliamini hivyo nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kiambaza chetu kilikuwa cha mbao, tukikisukuma pembeni siku za mahafali. Kikifungwa, upande mmoja ulifanyiwa vikao na wa pili wanachuo walijisomea. Macho yalizuiwa kabisa. Waya haukuzuiwa na kitu.

Tulikuwa na amplifaya moja na spika nne, mbili kila upande. Ukumbi ukiwa wazi mpangilio huo ulifaa sana, kwani waliokaa nyuma walisikia kutoka spika iliyo karibu nao. Spika sharti ziwe mbele ya mwenye kipaza sauti. Zikiwa nyuma yake, sauti yake hurudi ndani ya kipaza na kuzaa ule mlio unaotoboa masikio. Hayo fundi wetu wa umeme aliyajua bila cheti chochote. Mwaka 1998 alinijia ofisini.

"Mkuu, spika zote nne ziko kwenye waya mmoja. Nipatie swichi ya kuzikata zile mbili za upande wa pili, maana kiambaza kikifungwa, zenyewe hazijui."

Nilicheka. Nikamwambia fedha za mwezi ule zilikuwa za chaki. Swichi yenyewe ilikuwa na bei ya soda chache.

Wiki chache baadaye kamati ya nidhamu ilikaa kumjadili binti mmoja wa mwaka wa pili, aliyeondoka chuoni siku tisa bila ruhusa. Mvua ilipiga juu ya mabati hata hatukusikilizana, nikaagiza kipaza sauti kiwashwe. Nikaisoma barua yake. Alikuwa ameniandikia mimi peke yangu: baba yake amefungwa kwa wizi, naye alikwenda kumtafutia mdogo wake mahali pa kukaa. Nilisoma taratibu, kama mtu anayetoa imla.

Mvua ilipopungua ndipo tulipousikia ukimya wa upande wa pili. Haukuwa ukimya wa watu wanaosoma. Mwalimu huutambua upesi. Nilisogeza kiambaza nikachungulia. Wanachuo kama arobaini, vichwa vimeinuliwa kuelekea spika, na binti mwenyewe kwenye dawati la tatu, ameinamia daftari lake.

Wajumbe waliuliza imekuwaje. Nikasema, "Fundi amesahau kuzima."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama kidogo, akasema, "Samahani, Mkuu." Barua ya onyo aliyoandikiwa ina sahihi yangu.

Binti alimaliza masomo. Shikamoo aliendelea kunipa hadi siku ya mwisho, kwa adabu kamili, huku akitazama viatu vyangu. Swichi nayo niliikuta imefungwa ukutani asubuhi moja. Ilinunuliwa kwa fedha ya nani, sikuthubutu kuuliza. Fundi amekwisha kufariki, na ile barua sikuiondoa kwenye jalada lake.

Mwaka 2023 nilialikwa semina katika ukumbi mpya wenye viambaza vya namna hiyo. Kijana wa mitambo alinieleza kwamba kwenye reli ya juu kuna kihisio. Kiambaza kikishafungwa barabara, mtambo wenyewe hutenganisha sauti na picha za kila chumba. Hata vipaza visivyo na waya vimepangiwa kila kimoja masafa yake, kwa sababu mawimbi ya redio hupenya ubao kana kwamba hayauoni.

"Ondoa shaka, babu," aliniambia.

Nikamwomba afunge kiambaza, ashike kipaza, asome chochote. Nikapita upande wa pili, nikasimama chini ya spika. Baada ya muda alikuja kunitafuta.

"Umesikia kitu, babu?"

Nilimwambia arudi, asome tena kidogo.