Lushoto Julai hii, bila msiba wala harusi

Mwezi wa sita kwa sisi waandishi ni mwezi wa bajeti, kwa hiyo mnajua nilikokuwa. Leo sitaki kabisa kuandika bajeti ya serikali. Naandika bajeti ya watu wawili: mimi na shemeji yenu (akina dada, wifi yenu). Wiki ya pili ya Julai tunakwenda Lushoto. Tutalala siku tatu, tutembee msituni kwenye baridi, turudi. Basi. Hakuna kingine.

Hiyo "hakuna kingine" ndiyo iliyoleta maneno. Nilimpigia mjomba kumwarifu kwamba siku hizo nisitafutwe kwa jambo dogo. Akanijibu kwa sauti ya upole sana: "Poleni mjomba. Mmefiwa na nani huko?" Nikamwambia hatujafiwa. "Ahaa, basi harusi." Wala harusi hakuna. Mjomba akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta sababu ya tatu. Alipoikosa akauliza: "Sasa mnakwenda kufanya nini?"

Nilicheka, lakini baadaye swali lake likanikaa. Hebu wewe unayesoma hapa hesabu safari ulizowahi kufanya na mwenzako nje ya mji unaoishi. Mimi nilihesabu. Tuna miaka mitatu kwenye ndoa, tumesafiri pamoja mara kumi na moja. Misiba sita, harusi nne, na mara moja kumpeleka mdogo wangu shule ya bweni akiwa na godoro na ndoo. Kwenye misiba yenyewe mnajua mambo yalivyo: mkishafika, yeye anaingia ndani kwa akina mama, mimi nabaki nje chini ya turubai na wanaume. Tunaonana siku ya kuondoka, kila mmoja amechoka kwa upande wake. Silalamiki. Msiba ni wetu, na siku yetu ikifika watakuja hao hao. Nasema tu kwamba katika safari kumi na moja hatujawahi kusafiri wawili.

Na nyumbani je? Shemeji yenu ni muuguzi. Zamu ya usiku ikimwangukia anatoka mimi bado sijarudi kutoka chumba cha habari, na anarudi mimi ndiyo natafuta soksi. Zipo wiki ambazo tunaongea kwa ujumbe wa simu na kwa karatasi juu ya meza. "Maharage yapo kwenye sufuria ndogo." "Luku imeisha, nimeweka ya elfu tano." Mtu akiokota hizo karatasi atadhani ni wapangaji wawili wanaoheshimiana sana.

Sasa kuna jambo halienei kwenye karatasi ya mezani. Shemeji yenu amepata nafasi ya kwenda kusoma Mwanza, miaka miwili. Ni nafasi aliyoihangaikia tangu kabla hatujaoana. Jibu linatakiwa mwisho wa Julai. Tumeligusa jambo hili mara tatu na mara zote tatu tulikatishwa: mara ya kwanza na simu ya kazini kwangu, ya pili na mgeni, ya tatu na usingizi wake, kwa sababu alikuwa ametoka zamu na alilala katikati ya sentensi yangu. Mimi nina ya kusema na yeye ana ya kusema, na mengine si ya kusemwa kwenye chumba kimoja huku jirani ukutani anasikiliza redio ya mpira. Ndiyo maana tunakwenda Lushoto.

Kwa nini Lushoto na kwa nini Julai? Wengi wetu tukisikia "mapumziko" tunafikiria bahari. Dar bahari tunayo, na ukienda ufukweni Jumapili unakutana na nusu ya watu unaofahamiana nao. Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya baridi, wanavaa makoti na viatu vizito wanakwenda kutembea kwenye misitu iliyokaa kimya. Sisi tuna kipupwe. Sema kipupwe cha Dar kinaishia kwenye shuka ya pili. Ukikitaka hasa, panda milimani. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto kinaweza kushuka kuelekea nyuzi 10. Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto la pwani walipapenda, wakapaita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Jina limekwenda na wenyewe, baridi imebaki.

Kwa mwenye nia ya kutuiga, mpango wetu ni huu.

Siku ya kwanza ni ya njiani. Basi la asubuhi kutoka stendi ya Mbezi, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Hapo Mombo unaiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha na kuanza kupanda. Ni kama kilometa 33 za lami zenye kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, katikati unapita Soni kwenye maporomoko. Mwenye kichwa chepesi asikae nyuma na asile sana Korogwe. Tukifika ni chai ya tangawizi na kulala.

Siku ya pili, Irente. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini, kupitia mashamba na vijiji. Njiani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri wanakotengeneza jibini, jemu na mkate, na hapo ndipo tutakapokula mchana. Halafu tunaendelea mpaka kwenye ukingo wa jabali. Pale ardhi inaisha ghafla. Chini yako, karibu mita 1,000, unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari, barabara kuu uliyopita jana, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Ushauri: kipupwe kina ukungu, na ukungu wa asubuhi hauna adabu, unaweza kusafiri kutoka Dar ukaangalia pazia jeupe. Tumepanga kufika pale alasiri na tochi mfukoni kwa ajili ya kurudi.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe: msitu wa Magamba. Uko kilometa chache juu ya mji, na siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Una kiingilio, na bei ya Mtanzania si ya mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Chukua na kijana wa kukuongoza. Njia za mle zinagawanyika na ukungu ukishuka kila mti unafanana na jirani yake. Sehemu za juu za msitu zinapita mita 2,000. Kuna miti mikubwa ya mkulo, kuna mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani kama waliovaa mitandio, kuna vinyonga wa pembe mbili ambao wanapatikana katika milima hii ya Usambara na si kwingine. Msitu huu unayakamata mawingu yanayopita, unayageuza maji, na maji hayo ndiyo yanayoteremka kwenye vijito na mabonde ya kabichi, karoti na viazi tunavyonunua Kariakoo bila kuuliza vimetoka wapi.

Na lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya na Marekani linauzwa kwenye vyungu vya dirishani? Asili yake ni huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likaandikwa vitabuni kwa jina lake, Saintpaulia. Ua limetangulia kwenda kukaa dirishani Berlin, mimi mzaliwa wa nchi sijaliona likiwa mahali lilipoota. Shemeji yenu kasema tukiliona tusilichume. Sawa.

Kingine ninachoupendea msitu ni kile ambacho hakimo kwenye vipeperushi. Njia yake ni nyembamba. Mmoja anatangulia, mwingine anafuata. Hamtazamani usoni. Nimefanya mahojiano mengi katika kazi hii, na nimegundua watu husema ukweli mgumu kwenye gari kuliko mezani, kwa sababu kwenye gari wote mnaangalia mbele. Nadhani msituni itakuwa vivyo hivyo. Unaweza kusema "naogopa" ukaliambia gome la mti, na aliye nyuma yako akasikia.

Siku ya nne tunateremka.

Fedha sasa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Tumetenga laki nne, na zimetutoa jasho kuanzia Februari. Nauli, chumba cha kawaida chenye blanketi mbili, chakula, mwongozaji na kiingilio. Haimo hoteli ya nyota hata nusu. Nguo tumenunua mitumba ya Karume. Mimi nimepata koti zito, lebo yake ya Ujerumani, limeshonwa kwa ajili ya theluji. Muuzaji mwenyewe alinitazama kwenye lile joto akauliza, "Bro, unakwenda wapi?" Nilipomwambia Lushoto alipunguza bei, eti bibi yake ni Msambaa na hatanicheka.

Wapo watakaonicheka. Mwenzangu mmoja wa kazini ameshasema huo ni uzungu, Mwafrika gani analipa kwenda kuangalia miti. Nikamkumbusha Mbegha. Kwa masimulizi ya Wakilindi, yale yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu akapanda milima hii hii na mbwa wake, akiwaua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, mpaka akaishia kuwa mtawala wa Wasambaa. Hakuja kwenye msiba wala harusi. Babu zetu walikuwa wakitembea misituni kabla hajazaliwa mtu wa kutuuzia tiketi. Kilichokuja baadaye ni hii imani kwamba kazi yetu ni kubeba mizigo ya wanaotembea.

Lakini hoja nzito si ya uzungu. Ni ya laki nne. Kwetu mdogo wangu anadaiwa mchango wa shule na paa la jikoni kwa mama linavuja. Laki nne inaziba paa, na chenji inabaki. Mtu akiniuliza kwa nini miti kwanza na paa baadaye, sina jibu la kumfunga mdomo. Ndiyo maana sikutaka kwenda kimya kimya. Nilimpigia mama, nikamweleza yote: Lushoto, Mwanza, na hela ni kiasi gani. Nikasema akiona vibaya tutaahirisha.

Mama hakujibu haraka. Kisha akasema: "Mimi na marehemu baba yako tulitembea wawili siku moja tu. Tulikuwa tunatoka hospitali na majibu yake. Akaniambia tushuke kituo kimoja kabla, twende kwa miguu. Siku ile ndiyo tuliongea. Miaka ishirini na sita, tukaongea siku ile." Nikakosa la kusema. Mama akaendelea kwa sauti yake ya kawaida: "Paa limevuja masika mbili, ndoo ninayo. Nendeni baba. Umfunike mwenzio, huko kuna baridi."

Basi tunakwenda. Simu zitazimwa, namba moja tu ya nyumba ya wageni nimemwachia mama, na mhariri hanayo. Sheria ya kazi inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, nimeomba tano. Sijui tutarudi na jibu gani. Huenda mwakani mtanisoma nikilalamikia basi la Mwanza. Huenda shemeji yenu akaamua kungoja, ingawa mimi, nikiwa nyuma yake kwenye ile njia nyembamba, nitamwambia asingoje. Hilo nimeshaliamua, na nataka alisikie kwa mdomo wangu, si kwenye karatasi ya mezani.

Waliowahi kufika Magamba mwezi wa saba niambieni: tope lake linahitaji mabuti, au raba zinatosha? Na nyie wengine, ile hesabu niliyowaomba pale juu mmeifanya? Mmepata ngapi?